Kwa tunaouguza nyumbani: tuseme yale tusiyowaambia wanaokuja kumjulia hali mgonjwa

#1 MlalaMacho

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Humu nyuzi za mgonjwa zimejaa: dawa ipi, mazoezi yapi, daktari gani mzuri. Uzi wa anayemuuguza sijauona, kwa hiyo naufungua mwenyewe. Pole tupu msiniandikie, ninazo za kutosha. Nataka kusikia wenzangu mnaishije.

Namuuguza mama mzazi. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa yanamtoka kwa taabu. Akili anayo yote. Anajua anachotaka, neno ndilo linagoma, na likigoma hasira zote zinaniangukia mimi kwa sababu ndiye niliye karibu. Mchana kutwa naitwa. Mto umekaa vibaya. Nausogeza, natoka, sijakaa naitwa tena: mto umezidi. Naenda. Pazia. Naenda. Imefika mahali nikisikia jina langu moyo unalipuka, hata kama ni jirani anayenisalimia.

Kazi yenyewe nimeizoea. Kumgeuza, kumwogesha, kumbadilisha, vidonge vya asubuhi na vya usiku, hayo mikono inafanya yenyewe. Kinachonikondesha ni wageni. Wanakaa pembeni ya kitanda, wanamshika mama mkono, wanamwambia "una bahati, una binti". Kisha wakitoka, mlangoni, wananigonga bega: "Vumilia, ni mzazi." Nivumilie hadi lini, hilo hawalisemi. Na kaka yangu aliye mbali anatuma pesa, sikatai, bila hizo tungekwama. Ila akipiga simu swali la kwanza ni "Mama kala?" kama mkaguzi. Kama na mimi nimekula, hilo hajawahi kuliuliza.

Haya, langu ndilo hilo. Yapo mnayoyawaza usiku ambayo mbele za watu hayasemeki? Yaleteni.

#2 Kifunguamimba

Umenisemea kila neno. Mimi namuuguza baba, ana dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nitarudi niandike vizuri, sasa hivi kaamka anatafuta viatu awahi kazini. Alistaafu zamani sana.

#3 Mzee_wa_Upenuni

Marahaba binti. Nakusoma kwa upole lakini sitakuficha. Mama huyo alikukesha ukiwa huwezi hata kushika shingo. Hakufungua uzi. Kuna mambo ya ndani ya nyumba, yakitolewa nje yanamvunjia heshima mgonjwa ambaye hawezi kujitetea. Yeye angependa ulimwengu ujue kwamba anabadilishwa?

#4 Fundi_Kimya

Mzee, shikamoo. Binti hajataja jina la mtu wala la mahali. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mimi ni mwanaume, namuuguza mke wangu. Ana Parkinson. Watu wakisikia Parkinson wanafikiri kutetemeka tu. Kutetemeka ndiko kudogo. Wangu miguu inaganda, hasa mlangoni. Anafika kwenye kizingiti, anasimama, miguu imegota sakafuni na mwili unataka kuendelea. Hapo ndipo watu huanguka. Mtu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kubandika utepe wa rangi sakafuni, mistari iliyoachana hatua moja. Akiambiwa "ruka mstari" anaruka, akiambiwa "tembea" hawezi. Wakati mwingine namhesabia tu, moja mbili, moja mbili, na tunapita kama gwaride. Anacheka. Yaani najua kwamba anacheka.

Hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa. Uso wake umekuwa mzito. Ugonjwa huu unaikaza misuli ya uso, mtu anabaki na sura ile ile akifurahi, akichukia, akikusikiliza. Daktari alinieleza, nikaelewa, na bado ukiwa umehangaika siku nzima, umemwogesha, umemvalisha, ukamtazama usoni ukaona hakuna kitu, moyo unaporomoka. Unajiuliza kama hata anakuona. Miaka yote ya ndoa nilikuwa namsoma usoni. Sasa nimejizoesha kuuliza kwa mdomo: "Umefurahi?" Ananibana kidole. Wanaume wenzangu nikiwaeleza wananiambia "tafuta dada wa kazi". Kana kwamba shida ni vyombo.

#5 MlalaMacho

@Mzee_wa_Upenuni nimekusikia babu, sijakasirika. Ila nikuulize: nikiyameza yote, yanakwenda wapi? Yanatoka kwenye mikono yangu wakati namgeuza. Namgeuza kwa nguvu kuliko inavyotakiwa na yeye anajua. Afadhali yatoke hapa.

@Fundi_Kimya utepe nitaukumbuka. Hilo la kubana kidole limenikalia.

#6 NesiMstaafu

Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, na baada ya kustaafu nikamuuguza mume wangu hadi alipofariki. Naomba niseme ya wodini kwanza.

MlalaMacho, hizo hasira za mama zipime vizuri. Takribani theluthi ya waliopata kiharusi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na kwa mzee sonona mara nyingi haiji na machozi, inakuja na ukali, kukataa chakula, kuita bila sababu. Ina dawa na ina tiba ya mazungumzo. Mwambie daktari wake waziwazi, usingoje aulize, maana hataiona katika dakika chache anazokaa na mgonjwa. Kuna na jingine: wapo ambao baada ya kiharusi hulia au hucheka bila kulingana na wanachohisi. Analia machozi kwa tangazo la biashara. Hilo ni ubongo umepoteza breki, si kwamba umemkosea. Nalo lina dawa.

Mkono uliolegea usivutwe hata siku moja, si wakati wa kumwinua wala wa kumvalisha. Misuli iliyokuwa inashikilia bega imelala, ukivuta unalichomoa, na maumivu ya bega yatamfanya aite usiku kucha. Akikaa, mkono uegemee mto. Nguo inaanza kuvaliwa na mkono mgonjwa na inavuliwa ikianza na mkono mzima.

Sasa yako wewe. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach walitoa utafiti Marekani juu ya wazee waliokuwa wakiwahudumia wenza wao. Waliofuatiliwa kwa takribani miaka minne, wale waliokuwa wakiuguza na kusema wameelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wasiouguza kwa asilimia 63. Waliouguza bila kuelemewa hawakuonyesha tofauti hiyo. Yaani kuuguza peke yake hakuui. Kinachokula mtu ni kuelemewa. Wengine, akina Janice Kiecolt-Glaser, mwaka 1995 walitoboa kijidonda kidogo mkononi kwa wanawake waliokuwa wakihudumia ndugu wenye dimenshia, na kwa wanawake wengine wa rika lao wasiouguza. Vidonda vya wanaouguza vilichelewa kupona kuliko vya wenzao kwa wastani wa siku 9. Kundi lilikuwa dogo, lakini nililiona wodini kwa macho: anayelala na mgonjwa ndiye anayeanza kukohoa.

Kwa hiyo Mzee wangu, kwa heshima zote, huyu binti kusema ni sehemu ya matibabu ya mama yake.

#7 Niko_Mbali

Naomba nami niseme, mnitukane mkimaliza.

Mimi ndiye yule kaka. Si wa MlalaMacho, ila niko kwenye nafasi ile ile. Dada yangu anamuuguza baba, mimi natuma. Nikipiga simu nauliza "kala?" kwa sababu sijui niulize nini. Nikiuliza "wewe hujambo" anajibu "tupo", kavu, kisha kimya, na kimya kile nakijua maana yake. Nikitoa wazo naambiwa "njoo uuguze wewe". Nikinyamaza naambiwa sijali. Usiku simu ikilia moyo unasimama. Kila likizo naikokotoa: niende sasa, au niitunze kwa ajili ya siku ile? Hilo nalo silisemi mbele za watu.

#8 MlalaMacho

Nimekusoma nikakasirika, nikakusoma tena.

Sitaki wazo. Kaka yangu naye ana mawazo mengi. Ameona video, ameambiwa na rafiki, mama afanyiwe hiki, asipewe kile. Kila wazo lake ni kazi yangu. Akiniambia "nimempigia daktari mwenyewe, tumepanga tarehe, gari litakuja saa nne", hapo nitamwita kaka.

#9 Niko_Mbali

Hilo naliweza. Kwa nini hakuna aliyewahi kulisema?

#10 Dada_wa_Katikati

Kwa sababu anayeuguza hana nguvu ya kukupangia kazi na wewe, mkuu 😂

Sisi tuligawana hivi, na aliye mbali tulimpa kazi kubwa kuliko mlivyozoea. Makaratasi yote ni yake: bima, miadi, kuhesabu dawa zisikate, kuwapigia maabara. Na kila jioni anampigia mama kwa video kwa nusu saa, na wakati huo mimi sikai pale kushika simu. Simu tumeiegemeza kwenye kibao. Natoka nje. Naoga bila kusikilizia. Huyo mtoto wa mbali alilalamika mwanzoni kwamba mama haongei vya kutosha. Nikamwambia msomee gazeti. Sasa mama anaijua michezo yote.

Siri iko kwenye kuomba kitu kimoja chenye saa. "Nisaidieni" haimfikii mtu. "Jumamosi saa tatu hadi saa nane, njoo ukae na mama" inamfikia, na akikataa amekataa kitu kinachoonekana.

#11 Kifunguamimba

Nimerudi, baba kalala.

Viatu. Mwanzoni nilikuwa nabishana naye. "Baba, ulistaafu." Anakasirika, anasema namfanya mtoto. Kila siku anastaafishwa upya na mimi ndiye mwajiri mbaya. Siku hizi nasema "leo wamefunga, wametangaza", au namwuliza habari za kazini: nani alikuwa bosi, walikuwa wakianza saa ngapi. Anaeleza, anatulia, viatu vinasahaulika. Wapo watakaosema nadanganya mzazi. Na wakae naye siku mbili.

Kigumu zaidi ni wizi. Anaficha pesa zake kwenye soksi, anasahau, kisha mimi ndiye mwizi. Anawaambia wageni, tena kwa ufasaha, anatoa hadi ushahidi. Najua kwamba ugonjwa huu unafanya hivi kwa wengi: mtu hawezi kukumbuka alikoweka, akili inatafuta maelezo, na maelezo ya karibu ni yule anayeingia chumbani kila mara. Najua. Na bado ukiitwa mwizi na baba yako mbele ya watu wa heshima, kujua hakukusaidii kitu kwa dakika zile.

Jioni ndiyo mbaya. Jua likianza kushuka anaanza kuzunguka, anataka "kurudi nyumbani" na yuko nyumbani. Nimegundua nikiwasha taa mapema kabla vivuli havijaingia, na kumpa kazi ya mikono, fadhaa inapungua. Anakunja taulo. Nazikunjua nikiwa jikoni, anazikunja tena.

Sasa lile la usiku. Namlilia baba yangu na yuko chumba cha pili. Aliyenifundisha kusoma saa hayupo, na hakuna aliyekuja kunipa mkono wa pole kwa sababu hakuna aliyekufa. Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Pauline Boss, aliianza kazi yake miaka ya 1970 kwa familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, miili haikuonekana, basi ndugu hawawezi kulia wala kuacha kulia. Baadaye akaona kitu hicho hicho kwa familia zenye mgonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia: mtu yupo na hayupo. Niliposoma hilo nilishusha pumzi. Kumbe lina jina na lina wataalamu. Nilidhani ni mimi tu nimekuwa mtoto mbaya anayemzika baba kabla ya wakati.

#12 Fundi_Kimya

Kifunguamimba, hilo la taulo nimelipenda. Mengine sina la kukuambia. Nipo hapa.

#13 Mama_Mmoja

Nawasoma tangu asubuhi na sikujua kama nafasi yangu ni hapa.

Ninyi mnauguza wazazi. Mimi namuuguza mwanangu, mtindio wa ubongo, tangu kuzaliwa, na sasa ni kijana mrefu kuliko mimi. Kwa hiyo mnapoongea habari za kuelemewa mnaongea kitu ambacho kina mwisho, hata kama mwisho wenyewe mnauogopa. Wangu hauji hivyo. Mgongo wangu unazeeka na yeye anaongezeka kilo. Hofu yangu ya usiku ni moja tu, na kila mama wa mtoto wa hivi anayo: nikitangulia mimi, nani atajua kwamba akigeuza kichwa kushoto maana yake ana kiu?

Ndugu wananiambia "Mungu atajua". Sawa, Mungu anajua. Mtu wa zamu ya asubuhi je?

#14 NesiMstaafu

Mama_Mmoja, nafasi yako ni hapa kabisa.

Hilo la kichwa kushoto liandike. Nasema kwa dhati, chukua daftari. Andika ishara zake zote: kiu, maumivu, choo, woga, wimbo unaomtuliza, nani akimshika anakakamaa. Andika anavyolishwa, akae mkao gani, kijiko kiingie upande gani. Wodini tulipokea vijana kama wako na hakuna mtu alijua chochote, akilia tunadhani degedege kumbe anasumbuliwa na kola ya shati. Mama aliyekuja na daftari alituokoa sote. Kisha mfundishe mtu mmoja, hata kama hutaki kumwachia leo. Awe anakuja, akosee mbele yako wakati bado upo wa kumrekebisha.

Na mgongo: usimwinue kwa mikono mitupu. Shuka la kutelezea chini yake, mnamsogeza badala ya kumbeba. Wewe kunja magoti, mgongo wima, mlete karibu na mwili wako kabla ya kuinua chochote. Kijana mrefu kuliko wewe ni kazi ya watu wawili, kila mara, hata siku unayojisikia una nguvu.

#15 Bado_Nipo

Naandika kwa akaunti mpya kwa sababu ile ya zamani wifi zangu wanaijua.

Namuuguza mama mkwe. Kuna siku naomba yaishe. Si kwamba namchukia, alinipokea vizuri nilipoolewa. Lakini akipumua kwa shida usiku, naamka, nasimama mlangoni, na kabla sijamkimbilia kuna sekunde moja nawaza: labda leo. Kisha namkimbilia. Sijamwambia hata mume wangu. Nikimwambia, namwambia nangoja mama yake afe?

#16 Kifunguamimba

Ninayo hiyo sekunde.

#17 Dada_wa_Katikati

Niliyo nayo mimi ilikuwa zaidi ya sekunde.

#18 MlalaMacho

Ninayo pia. Nilikuwa nangoja mtu aitangulie.

#19 NesiMstaafu

Bado_Nipo, nimekaa na familia nyingi katika saa zao za mwisho. Wazo hilo lipo kwa watu wengi mno, na hasa kwa wale waliouguza vizuri, maana ndio wanaoyaona mateso kwa karibu. Kutamani mateso yaishe hakujamgusa mgonjwa. Wewe ulimkimbilia.

Lakini nitofautishe, maana hapa wanasoma wengi. Wazo likihama, likawa la kumzidishia dawa, kumfunika uso, kumwacha makusudi, au la kujidhuru mwenyewe, hapo usingoje uzi wala kesho. Toka chumbani, mwite mtu aingie akae na mgonjwa, na umwambie mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Hivyo hivyo kwa aliyefika mahali halali hata mgonjwa akilala, hana hamu ya chakula wiki kwa wiki, analia bila kujua kinachomliza. Huyo naye ni mgonjwa, atibiwe.

Kipo kipimo cha maswali 22, kinaitwa cha Zarit, kilianza mwaka 1980. Kila swali unajijibia kutoka 0 hadi 4, "kamwe" hadi "karibu kila mara". Yanauliza vitu kama: unajisikia huna muda wako mwenyewe? Una hasira ukiwa karibu naye? Unaogopa yajayo? Nilichokipenda ni kwamba maswali yenyewe yanaona kawaida kuuliza habari za hasira. Waulizeni kwenye kliniki ya mgonjwa wenu kama wanacho. Na mgonjwa ambaye haponi, ulizeni habari za tiba shufaa mapema. Watu husikia jina hilo wakadhani mgonjwa kakatiwa tamaa. Ni watu wa kupunguza maumivu, kupumua kwa shida, na usiku kama huo wako. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wasiopona) ya St Christopher's London mwaka 1967, alisisitiza tangu mwanzo kwamba familia iliyo pembeni ya kitanda nayo inahudumiwa.

#20 Kazi_Kwanza

Swali la upande. Mbona humu wengi ni wanawake? Kwetu pia tuko wavulana watatu na msichana mmoja, na nadhani mmeshajua nani anauguza.

#21 Dada_wa_Katikati

Si kwenu tu. Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa wa dimenshia zinatolewa na wanawake. Sasa wewe ni mmoja wa wale watatu au? Jumamosi saa tatu hadi saa nane, mkuu.

#22 Kazi_Kwanza

😅 Nimekusikia dada.

#23 Mzee_wa_Upenuni

Nimesoma yote. Mjukuu ananiandikia, mkono wangu mmoja haufanyi kazi.

Sikuwaambia mwanzoni: mimi ndiye ninayeuguzwa. Binti yangu ananigeuza, ananiogesha. Ndiyo maana niliumia nilipoona mambo ya kubadilishwa yameandikwa. Na bado yananiuma, sitasema hayaniumi. Ila nimesoma habari za kuitwa, na hapo nina la kusema ambalo ninyi hamlijui.

Mchana mrefu ukiwa kitandani hujui kama nyumba ina mtu. Sauti zikikatika unajiuliza, katoka? Nikianguka? Nikitapika? Kuita "maji" ni rahisi kuliko kuita "upo?" Mtu mzima haiti "upo?" Basi unaita mto, unaita pazia. Akija umemwona, unatulia, akiondoka hofu inaanza tena. Huyo mama naye hana maneno ya kutosha. Ana jina la bintiye tu.

Binti yangu alibadili kitu kimoja. Akitoka chumbani ananiambia anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. "Nafua, nakuja saa tano." Ameniwekea saa kubwa ukutani, na kengele ya mkononi upande mzima. Saa tano anakuja, hata kama sikuita. Hicho ndicho kikubwa, anakuja bila kuitwa. Nikajikuta siiti.

#24 MlalaMacho

Babu. Sikulifikiria hata kidogo. Saa ipo sebuleni, naihamisha leo.

#25 Fundi_Kimya

Mzee, na sisi tunaouguza tungependa kujua mengine kama hayo. Ukipata nguvu.

#26 Mzee_wa_Upenuni

Msituongelee juu ya kichwa tukiwepo. Na mkitunyoa, mtupe kioo.

#27 MlalaMacho

Mrejesho, maana mliniuliza faragha.

Saa imehamia chumbani kwa mama. Siku ya kwanza aliita vile vile. Ya pili pia, nikataka kukata tamaa, kisha taratibu kuita kukapungua. Hakujaisha, jioni bado ananiita, lakini asubuhi napata hadi saa nzima ya kukaa. Daktari amemwanzishia dawa ya sonona, amesema zinachukua wiki kadhaa kabla hazijafanya kazi, tusizikatishe.

Kaka nimemtumia uzi huu mzima bila maelezo. Alikaa kimya siku nzima. Kisha akapiga akasema anakuja mwezi ujao, wiki nzima, na mimi niondoke niende kwa rafiki yangu. Sijui nicheke au niogope. Hajawahi kumbadilisha mtu. Naandaa karatasi ya kubandika ukutani. Nimeshaweka dawa na saa zake, mkono wa kulia usivutwe, kugeuzwa kila saa mbili usiku na mchana, na "mwambie unakwenda wapi na unarudi saa ngapi". Kuna nini nimesahau?

#28 Kifunguamimba

Nani apigiwe kabla yako. Akiwa na namba yako tu atakupigia kwa kila kitu.

#29 Dada_wa_Katikati

Aje siku mbili kabla hujaondoka. Siku ya kwanza akutazame, ya pili umtazame yeye na usishike kitu.

#30 NesiMstaafu

Ongeza haya. Wakati wa kula mama akae wima kabisa, kidevu kiinamie kifua kidogo wakati wa kumeza, na abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula, asilazwe hapo hapo. Akikohoa kila anapokunywa maji au sauti ikawa ya majimaji, kaka asiendelee kumlisha, apige simu. Kila anapomgeuza atazame visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Wekundu, au kwa ngozi nyeusi weusi uliozidi na joto, ambao ukibonyeza kwa kidole haubadiliki, ndio mwanzo wa kidonda, upande huo asiulalie hadi urudi hali yake.

Na mama akibadilika ghafla, jana anakuelewa leo anaropoka au analala mchana kutwa, asiseme ni uzee. Mara nyingi ni mkojo umepata maambukizi, au amekaukiwa maji, au choo kimekwama siku nyingi, na hilo linataka daktari siku ile ile. Uso ukipinda zaidi au mkono wa kushoto nao ukalegea, hapo ni dharura, kila dakika ina thamani, asikupigie wewe kwanza.

#31 MlalaMacho

Nimenakili yote. Visigino sikuwa nimeweka.